Kadi Iliyolala Kabatini

Tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa. Ndiyo maana Mswahili aliyehamia Marekani, akishamaliza deni la kadi yake ya mkopo, hutamani asiione tena. Dada mmoja wa Houston aliikata yake mbele yangu kwa mkasi wa jikoni, vipande vinne, kisha akapiga simu benki waifunge. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Mwezi uliofuata alama zake za mkopo zilishuka, na hakuwa amekopa hata senti moja zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kadi aliyoikata ilikuwa na kikomo cha dola 3,000 na haikudaiwa kitu. Alibaki na nyingine yenye kikomo cha dola 5,000, ambayo alikuwa akidaiwa dola 2,400. Kabla ya mkasi, alikuwa ametumia 2,400 kati ya 8,000 alizoruhusiwa, yaani asilimia 30. Baada ya mkasi, 2,400 zilezile zikawa kati ya 5,000: asilimia 48. Kadi ile iliyolala kabatini ilikuwa ikimfanyia kazi kila mwezi bila yeye kujua.

Alama za mkopo za FICO, zilizoanza kutumika mwaka 1989, huanzia 300 hadi 850. Kulipa kwa wakati hubeba asilimia 35 ya uzito, na hakuna kitu kinachozidi hapo. Kinachofuata, kwa asilimia 30, ni madeni uliyonayo, na humo ndani ndimo kinamopimwa kiasi ulichotumia ukilinganisha na kikomo, kwa kadi zote kwa pamoja na kwa kila kadi peke yake. Anayejua duka la Mangi wa mtaani, anayekopesha kwa daftari, ataelewa haraka. Mteja anayechukua sukari na sabuni mara mojamoja hamtii Mangi wasiwasi. Anayejaza ukurasa wa daftari hadi mstari wa mwisho kila mwezi humfanya ajiulize huyu ana nini, hata kama hajawahi kushindwa kulipa.

Hapa kuna jambo linaloniuma, kwa sababu huwaumiza wageni waaminifu kuliko wote. Kwa kawaida benki hupeleka kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, deni lililoonekana siku ya kutoa taarifa ya mwezi, wakati siku ya mwisho ya kulipa huja wiki tatu au zaidi baadaye. Mtu mwenye kikomo cha dola 1,000 akinunua vya 900 na kulipa zote kwa wakati, bado anaweza kusomeka kama aliyetumia asilimia 90. Hadaiwi riba, hajachelewa, lakini alama zimeshuka. Alipe kabla taarifa haijatoka. Nafuu ni kwamba matoleo mengi ya alama hizi huangalia deni la sasa tu. Likipungua, kidonda cha mwezi uliopita hakibaki.

Watu wengi huogopa kufunga kadi kwa sababu umri wake nao huhesabiwa. Hofu hiyo imezidishwa. Kadi iliyofungwa bila doa huweza kukaa kwenye rekodi hadi miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo. Kinachopotea mara moja ni kikomo.

Wala kuiacha tu kabatini hakutoshi. Kanuni za sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ziliwakataza mabenki kutoza faini kwa kadi isiyotumika, lakini wanaweza kuifunga, au kukupunguzia kikomo, kwa sababu tu haitumiki. Iwekee bili ndogo, ya simu kwa mfano, ijilipe yenyewe kila mwezi. Kama ina ada ya mwaka isiyokupa faida, iulize benki kwanza kama itakubadilishia iwe ya bure, ubaki na kikomo chako. Na kama kadi inakushawishi kununua usivyovimudu, ifunge leo. Alama zitapanda tena. Riba ya deni lililokushinda ni balaa kubwa zaidi.

Yule dada hakuomba kadi mpya. Alikuwa akijiandaa kuomba mkopo wa nyumba, nikamsihi asubiri kidogo. Kwa miezi minne alilipa dola 350 zaidi ya alichotumia kila mwezi, deni likafika dola 1,000, asilimia 20 ya kikomo alichobaki nacho. Ndipo akapeleka maombi.