MILIGRAMU: UZITO UNAOPASWA KUSOMWA KABLA YA KUMEZA DAWA



Hakuna mkulima anayekubali mazao yake yapokelewe pasipo yeye kuitazama mizani. Nusu kilo ikipungua katika stakabadhi, katibu huulizwa papo hapo. Lakini mkulima huyo huyo akitoka zahanati au duka la dawa, humeza vidonge bila kusoma uzito ulioandikwa juu ya pakiti. Makala haya yanaeleza uzito huo.

Kilo moja ina gramu 1,000, na gramu moja ina miligramu 1,000. Kifupi cha miligramu ni "mg". Chini yake ipo mikrogramu, ambazo 1,000 hufanya miligramu moja.

Kwanza, namba hiyo ni uzito wa dawa yenyewe, wala si wa kidonge kizima, kwani kidonge huchanganywa na wanga na vitu vingine vya kukishikamanisha. Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina mg 500. Mtu mzima asizidishe mg 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge 8, tena asimeze zaidi ya viwili kwa mara moja, na zipite angalau saa 4 kabla ya kumeza tena. Ikumbukwe kuwa dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Anayetumia zote mbili hana budi kuzijumlisha, kama karani ajumlishavyo stakabadhi mbili za mkulima mmoja. Ziada huharibu ini, na madhara yake huweza kuchelewa kuonekana.

Pili, namba kubwa si dalili ya nguvu kubwa. Amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, hutolewa kwa mg 5 au mg 10 tu kwa siku, nayo hufanya kazi yake barabara. Asiwepo mtu wa kuongeza vidonge kwa sababu namba ni ndogo.

Tatu, tusichanganye mg na ml. Mililita ni ujazo. Parasetamoli ya maji ipo yenye mg 120 katika ml 5, na ipo yenye mg 250 katika ml 5 hizo hizo. Mama aliyezoea chupa ya kwanza akipima vivyo hivyo kutoka ya pili, mtoto atapata zaidi ya maradufu. Vijiko vya nyumbani navyo havilingani. Kitumike kipimo kilichomo ndani ya boksi.

Katika lishe pia, kidogo kina kazi kubwa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za madini ya joto kwa siku, lakini akizikosa kwa muda mrefu huweza kuota rovu. Vidonge vya wajawazito huwa na mg 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwani chuma kikizidi ni sumu kwao.

Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya mkutanoni, kwa ajili ya wasioweza kujisomea. Kila mwanachama apokeapo dawa aulize: ni mg ngapi, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi? Mganga hatachukizwa na maswali hayo.