Mgonjwa Anaweza au Anafanyiwa? Yanayopimwa kwa Mtaalamu wa Viungo

Jirani akikuuliza hali ya mzee wako aliyepata kiharusi, unamjibu: "Alhamdulillahi, hajambo kidogo." Jawabu hilo latosha barazani. Kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yule wa fiziotherapia, halitoshi, na ndiyo maana huanza kukuuliza mambo ambayo huenda ukayaona ya kipuuzi au hata ya kukosa adabu. Shati alilovaa leo amelivaa mwenyewe? Vifungo alifungwa na nani? Chooni huingia na nani? Usiku akishikwa na haja ndogo, hufika kwa wakati?

Wengi wetu hapa Pwani huenda kwa wataalamu hawa tukitaraji mgonjwa akandwe, anyooshwe, awekewe mashine, kisha arudi nyumbani. Muda wa maswali tunauona umepotea. "Leo tumeulizwa tu," ndivyo watu husema wakitoka. Ukweli ni kwamba tiba inaanzia kwenye maswali yale, na tukiyajibu ovyo anayelipa ni mgonjwa wetu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Ugonjwa wenyewe daktari amekwisha kuujua. Picha ya ubongo inaonyesha mshipa ulioziba au uliopasuka, lakini haionyeshi kama mtu anaweza kuinuka kitandani akaenda kunywa maji. Watu wawili wanaweza kuwa na udhaifu sawa wa mkono, mmoja karani wa ofisi mjini Mombasa, mwingine mvuvi wa Gazi. Karani anaweza kurudi kazini akijifunza kuandika kwa mkono wa pili. Mvuvi hawezi kuvuta nyavu kwa mkono mmoja, na udhaifu ule ule kwake umekata riziki ya nyumba nzima.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha mwaka 2001 mfumo wa kuutazama uwezo wa binadamu kwa namna hiyo. Unauliza mwili unafanya kazi vipi, mtu anaweza kufanya shughuli gani, na anashiriki vipi katika maisha ya jamii yake. Kisha unauliza na jambo ambalo sisi hulisahau, yaani mazingira: ngazi, choo, barabara, na watu anaoishi nao. Mtu huyo huyo anaweza kuwa hoi katika nyumba moja na kujitegemea katika nyingine.

Kipimo kinachojulikana sana kwa wagonjwa wa kiharusi ni cha zamani kuliko mfumo huo. Kinaitwa Barthel, kwa jina la Dorothea Barthel, mtaalamu wa viungo wa jimbo la Maryland, Marekani. Yeye na daktari Florence Mahoney walikichapisha mwaka 1965. Ni karatasi moja tu yenye vipengele 10: kula, kuoga, kujinadhifisha (uso, meno, nywele na ndevu), kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia mkojo, kutumia choo, kutoka kitandani hadi kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Jumla ya alama ni 100.

Alama hazikugawanywa sawa. Kuoga na kujinadhifisha vina 5 kila kimoja: ama mtu anafanya mwenyewe na kupata 5, ama hafanyi na kupata 0. Kutoka kitandani na kutembea vina 15 kila kimoja, kwa sababu mtu asiyeweza hayo anahitaji mikono ya wenzake muda mwingi wa siku. Vilivyobaki vina 10.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 62 wa Kisauni, wiki ya tatu tangu apate kiharusi, upande wa kulia umelegea. Haja zote mbili anazizuia: 10 na 10. Uso anaosha na meno anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto: 5. Kuoga anaogeshwa: 0. Shati anasaidiwa, ila nusu ya kazi anaifanya yeye: 5. Chooni anasaidiwa kiasi: 5. Kutoka kitandani hadi kitini anahitaji kushikwa kidogo: 10. Anatembea zaidi ya mita 45 akiwa ameshikwa na mtu mmoja: 10. Ngazi hawezi: 0. Tumefika 55, na bado kipengele kimoja, kula.

Hapo kwenye kula pana mambo. Mkewe anamlisha, kwa hivyo karatasi inasema 0. Lakini je, hawezi kula? Mkono wa kushoto una nguvu zake zote. Tatizo ni kwamba mkono huo ndio wa kuchambia, na mzee aliyelelewa kula kwa mkono wa kulia tangu utotoni haupeleki wa kushoto kwenye sinia ya wali, seuze mbele ya wajukuu. Wanazuoni wamekwisha kueleza kwamba mwenye udhuru anaruhusiwa, ila ruhusa ni kitu kimoja na moyo kukubali ni kitu kingine. Mtaalamu asiyeijua sababu ataandika "hawezi kula" na kuanza kupanga mazoezi ya vidole. Anayeijua ataleta kijiko chenye mpini mnene, atazungumza na mzee faraghani, na pengine kumshauri mkewe ampakulie sahani yake peke yake. Alama inaweza kupanda kutoka 0 hadi 10 bila kidole kimoja cha mkono wa kulia kusogea.

Tuseme miezi miwili imepita. Mzee anakula kwa kijiko, anaoga mwenyewe akiwa amekaa kwenye stuli na ndoo mbele yake, anakwenda chooni peke yake, anatoka kitandani bila kushikwa, anatembea na bakora, na ngazi anapanda akisaidiwa. Hesabu inafika 90. Mkono wa kulia bado unaning'inia. Jirani anayetazama mkono atasema hakuna mabadiliko, na huo ndio wakati familia hukata tamaa, huacha kliniki, na kuanza kuhama kutoka kwa mtaalamu mmoja hadi kwa mganga mwingine. Bila ile 55 iliyoandikwa siku ya kwanza, hakuna wa kuwaonyesha kwamba mgonjwa amesogea mbali mno.

Kuna kanuni moja ya kipimo hiki ambayo kila anayeuguza angepaswa kuijua: huandikwa kile mgonjwa anachokifanya, wala si kile anachoweza kukifanya. Mtu anayehitaji kusimamiwa, hata kama hakuna anayemgusa, hahesabiwi kuwa anajitegemea. Tofauti baina ya uwezo na utendaji ni habari kubwa kwa mtaalamu. Ikiwa kliniki mgonjwa anavaa kanzu mwenyewe na nyumbani anavishwa, basi shida haiko kwenye misuli. Iko kwenye haraka ya asubuhi, au kwenye mapenzi.

Nasema mapenzi kwa makusudi. Sisi watu wa Pwani tunajua kuuguza. Mgonjwa huletewa, hushikwa, hulishwa, na binti anayemwacha baba ahangaike na kifungo kwa dakika kumi ataambiwa hana huruma. Mimi naona binti huyo ndiye anayemtibu. Misuli isiyotumika hunyong'onyea, na mtu aliyezoea kufanyiwa huacha kujaribu. Anayemfanyia mgonjwa kila kitu anampunguzia alama bila kujua.

Upande mwingine kuna haya. Mzee wa heshima zake anaulizwa na msichana wa miaka 25, mbele ya mkwewe, kama mkojo humtoka. Atajibu nini? Atasema hana tatizo, na karatasi itaandikwa 10 badala ya 5 au 0. Matokeo yake hapewi mazoezi ya kuzuia mkojo, hapangiwi saa za kwenda chooni, na nyumbani analala juu ya kitambaa kilichoroa hadi ngozi inaanza kuchubuka. Wataalamu wetu, hasa vijana, hapa wana la kujirekebisha. Mwamkie mzee, toa watu chumbani, mtafute mwenzako wa kiume ikibidi, kisha uulize. Maswali yenyewe hayana budi, lakini adabu ya kuyauliza haikuandikwa Maryland.

Viko vipimo vingine visivyohitaji maswali. Kimoja unaweza kukiona hata kwenye ukumbi wa zahanati: mgonjwa anakaa kitini, anaambiwa asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi na kukaa, huku mtaalamu akitazama saa. Mtu mzima mwenye umri mkubwa anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa kwenye hatari ya kuanguka. Mtaalamu anatazama na mengine pia: anasukuma kiti kwa mikono? Anageuka kwa hatua ndogondogo nyingi? Kipimo kingine hutazama mtu anatembea umbali gani kwa dakika 6, na hutumika sana kwa wenye maradhi ya moyo na mapafu. Mgonjwa asijikaze wala asijionyeshe siku hiyo. Aende na viatu vyake vya kila siku na bakora yake.

Sasa, karatasi ya mwaka 1965 ina mapengo, na Mahoney na Barthel wenyewe walitahadharisha kwamba mwenye alama 100 si lazima aweze kuishi peke yake, kwani huenda hawezi kupika wala kutunza nyumba. Kwetu mapengo ni makubwa zaidi. Karatasi inauliza kuhusu choo, lakini haiulizi kama ni cha kukaa au cha kuchutama. Mama wa kijijini Kwale anaweza kupata alama zote za choo hospitalini, kwenye choo cha kukaa chenye vyuma vya kushikilia, kisha nyumbani akakuta tundu la choo cha shimo na ukuta wa makuti usiostahimili kuegemewa. Karatasi haiulizi kuhusu kukaa mkekani na kuinuka. Haiulizi kuhusu kurukuu na kusujudu, wala kuhusu kubeba ndoo ya maji. Ngazi inazitaja, lakini ngazi za nyumba nyingi za Mji wa Kale zimesimama wima, nyembamba, bila pa kushika. Na mkazi wa Likoni mwenye kliniki ng'ambo anapaswa kushuka mteremko wa kivuko, ambao huzidi ukali maji yakipwa, akiwa katikati ya umati unaokimbilia feri. Hakuna alama ya hilo popote.

Dawa ya mapengo haya ipo. Kuna kipimo ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja mambo machache yaliyomshinda na kuyapa alama kutoka 0, yaani siwezi kabisa, hadi 10, yaani kama nilivyokuwa kabla ya kuugua. Mmoja atasema kusali bila kiti, mwingine kusuka makuti, mwingine kupanda matatu. Mazoezi hupangwa kulingana na hayo. Mgonjwa asipoulizwa, na aseme mwenyewe.

Karatasi hizi huamua mengi. Ndizo zinazosaidia kujua kama mgonjwa arudi nyumbani au abaki wodini, kama anahitaji kiti cha magurudumu au magongo, kama mazoezi yaendelee au yabadilishwe. Anayetafuta kujisajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hufanyiwa tathmini hospitalini, na huko pia anayeficha shida zake kwa haya anajinyima. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kaya zote maswali ya namna hiyo: mtu ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Hesabu ikatoka asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Nikifikiria jinsi tunavyojibu "hajambo" kwa kila swali, nina shaka kubwa na idadi hiyo.

Kwa hivyo ukimpeleka mgonjwa, aende na mtu anayelala naye nyumba moja, anayejua usiku unakwendaje, wala si mtoto aliyekuja jana kutoka Nairobi. Piga picha za choo, ngazi na kitanda kwa simu, umwonyeshe mtaalamu. Pima kwa mkono urefu wa kitanda kutoka sakafuni. Omba alama ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa pamoja na tarehe, kipengele kwa kipengele, kwa sababu jumla peke yake haisemi ni wapi amekwama. Na ukirudi baada ya wiki kadhaa ukaona wameanza mazoezi bila kufungua ukurasa ule, uombe ufunguliwe kwanza.