Steki ya Bega la Nguruwe kwenye Mkaa wa Nyumbani

Nyama ya nguruwe, ambayo wakazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara huiita kitimoto, kwa kawaida humfikia mlaji ikiwa imekwisha kukatwakatwa vipande vidogo, kukaangwa kwa mafuta yake yenyewe au kuungwa rosti kwa vitunguu, nyanya na pilipili hoho, kisha kuletwa mezani kwenye sinia pamoja na ndizi au ugali. Utaratibu huo una hekima yake, kwa kuwa kipande kidogo kilichokaa jikoni muda mrefu hakibaki kibichi ndani. Steki, yaani kipande kimoja kipana cha mnofu kilichokatwa kwa kukingama na kuchomwa kikiwa kizima, huiondoa kinga hiyo: upande wa nje hubadilika rangi upesi na kumshawishi mchomaji kwamba kazi imekwisha, ilhali katikati bado panahitaji dakika nyingi. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuchoma steki ya nguruwe nyumbani kwake ana swali moja la kujibu kabla ya kuwasha mkaa, nalo ni sehemu gani ya nguruwe inayoweza kustahimili joto la kutosha kuua vimelea na bado ikabaki laini. Sehemu hiyo ni bega.

Hofu ya kula nguruwe asiyeiva ina chimbuko la kweli. Tegu wa nguruwe ni mnyoo bapa, mrefu wa mita kadhaa, ambaye akishakomaa huishi katika utumbo wa binadamu peke yake. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe aliyeachwa azurure akala kinyesi hicho hupata vifuko vidogo vyenye lava ndani ya misuli yake, na mtu anayekula misuli hiyo bila kuiva hupata tegu mpya tumboni. Madhara makubwa zaidi, hata hivyo, hayatokani na kula nyama yenyewe. Mtu akimeza mayai ya tegu kupitia mikono isiyonawiwa, maji machafu au mboga mbichi, lava husafirishwa na damu, na zikifika kwenye ubongo huweza kusababisha maumivu makali ya kichwa na kifafa, hali ambayo nchini Tanzania imethibitishwa na watafiti katika maeneo kama Mbulu na Mbozi.

Maana yake ni kwamba steki iliyochomwa juujuu humpa mlaji tegu, na mlaji huyo anaweza kumpa kifafa jirani ambaye hajawahi kuionja nyama hiyo maishani mwake. Mwaka 1992 madaktari nchini Marekani walieleza habari za Wayahudi wa mjini New York, watu wenye kushika mwiko wa nguruwe kikamilifu, waliopatikana na lava hizo ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye tegu. Jambo hili lina uzito wa pekee mjini Musoma, ambako Wakatoliki na Wamenonaiti wanaishi mlango kwa mlango na Waislamu na Waadventista Wasabato, ambao hawali nguruwe. Kuivisha nyama ya nguruwe ni wajibu wa mlaji kwa nafsi yake na kwa hao wasioila.

Joto gani basi linatosha? Vitabu vingi vya upishi vya siku hizi vinataja digrii 63 za Selsiasi katikati ya steki, pamoja na dakika tatu za kuiacha itulie baada ya kutoka motoni, kwa kufuata mwongozo ambao Wizara ya Kilimo ya Marekani iliutoa mwaka 2011 iliposhusha kiwango cha awali cha digrii 71. Mwongozo huo uliandikwa kwa nchi ambayo nguruwe wengi hufugwa ndani ya majengo yaliyofungwa na kukaguliwa wanapochinjwa. Nyama ya nguruwe aliyekutwa na lava za tegu ina masharti makali zaidi, kwani Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linataka ipashwe joto hadi digrii 80 katikati, au igandishwe kwa digrii 10 chini ya sifuri au zaidi ya hapo kwa siku zisizopungua kumi. Kwa mji ambao mnunuzi hajui nguruwe wake alilelewa bandani au alizurura, kiwango cha busara ni hicho cha digrii 80, na mapishi yanayosifu rangi ya waridi katikati ya steki hayafai kuigwa mkoani Mara. Jokofu nalo ni msaada mzuri kwa mwenye nalo, mradi umeme usikatike na kuivuruga hesabu ya siku hizo kumi.

Hapa ndipo uchaguzi wa kiungo unapoamua kila kitu. Mnofu wa mgongo, ambao ndio unaotoa chopsi zinazopendeza macho, una mafuta machache na misuli isiyofanya kazi nzito, kwa hiyo ukifikishwa digrii 80 hukamuliwa maji yake na kuwa mkavu, hata mlaji akalazimika kuusindikiza kwa kachumbari nyingi ili umezeke. Bega ni tofauti, kwa kuwa ni misuli inayobeba mwili na kutembea kila siku, na ndani yake mna mafuta yaliyopenya katikati ya nyama pamoja na tando ngumu za kolajeni, protini inayoshikanisha misuli. Kolajeni ikipata joto la zaidi ya digrii 70 kwa muda wa kutosha huanza kuyeyuka na kuwa jelatini, ute laini unaoilowesha nyama kutoka ndani. Joto linaloharibu mnofu wa mgongo ndilo hilo hilo linalolainisha bega, na kwa kawaida bega huuzwa kwa bei isiyozidi ile ya mnofu mtupu.

Ni lazima pia isemwe kwamba bega ni mojawapo ya sehemu ambazo lava za tegu hupenda kukaa, pamoja na ulimi, moyo na kiwambo, na ndiyo sababu wakaguzi wa nyama hulipasua wanapomchunguza nguruwe. Hilo halipunguzi thamani yake kwa mpishi wa nyumbani. Linampa nafasi ya kuona kwa macho yake. Nyama iliyokwisha kukatwakatwa na kuchanganywa kwenye beseni haionyeshi kitu, lakini bega linalokatwa steki mbele ya mnunuzi hufunua uso mpana kila kisu kinapopita, na lava, zikiwamo, huonekana kama vifuko vyeupe vyenye maji, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, kila kimoja kikiwa na doa jeupe ndani. Nyama yenye vifuko hivyo haifai kununuliwa hata kwa bei ya hasara, na bucha inayoiuza inapaswa kuripotiwa kwa afisa mifugo. Hata hivyo macho ya mnunuzi hayachukui nafasi ya mhuri wa mkaguzi, kwa sababu maambukizi machache hupita bila kuonekana hata na mtaalamu.

Buchani, mazoea ya muuzaji ni kuiweka nyama kwenye gogo na kuikata kwa panga, mifupa ikipasuka na kuacha chembe kali ndani ya mnofu. Mnunuzi wa steki anapaswa kueleza mapema kwamba anataka bega zima lisipasuliwe, likatwe kwa kisu kirefu hadi kwenye mfupa na mfupa wenyewe umalizwe kwa msumeno, kila kipande kikiwa na unene wa takriban sentimita mbili na nusu. Kipande chembamba zaidi hukauka kabla ya kolajeni kulainika, na kinene zaidi huchukua muda mrefu kupita uvumilivu wa mkaa wa kawaida. Ngozi huondolewa, na mafuta ya pembeni huachwa lakini hukatwa mikato mifupi kila baada ya sentimita tatu hivi, la sivyo hujikunja kwenye moto na kuikunja steki nzima.

Chumvi ndiyo kiungo pekee kisichokwepeka. Gramu 15 kwa kilo moja ya nyama, ambazo ni kama vijiko vidogo viwili na nusu, zikipakwa saa nne au tano kabla ya kuchoma, kwanza huvuta maji ya nyama nje, kisha maji hayo huyeyusha chumvi na kurudi nayo ndani, na nyama hiyo hushikilia unyevu wake vizuri zaidi ikifika motoni. Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga hubaki juu juu na kuleta harufu. Ndimu, ambayo wengi huimimina tangu asubuhi, haipenyi sana na hukaza uso wa nyama, kwa hiyo mahali pake ni mezani. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachovunja protini na hulainisha kweli, ila bega lililokatwa vizuri haliuhitaji, na ukizidi muda huigeuza nyama kuwa rojo. Asali na sukari huungua haraka, na zikipendwa hupakwa dakika mbili za mwisho.

Jiko la mkaa la bati linalopatikana katika kila soko linatosha ikiwa ni pana kiasi cha kuwekwa wavu, na ikiwa mkaa hautatandazwa jiko zima. Makaa husukumwa upande mmoja hadi yafunikwe na majivu meupe, na upande wa pili huachwa mtupu, ili mchomaji awe na moto mkali na moto wa pole kwenye jiko moja. Steki hufutwa unyevu kwa kitambaa safi, kwa sababu uso wenye maji hauwezi kuvuka joto la kuchemka na kufikia digrii 140 hivi ambapo protini na sukari za nyama huungana na kuleta rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma, badiliko lililoelezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Dakika tatu au nne kila upande juu ya makaa zinatosha kwa kazi hiyo. Kisha nyama huhamishiwa upande usio na makaa, hufunikwa kwa sufuria iliyopinduliwa, na kuachwa kwa dakika 15 hadi 20 huku ikigeuzwa mara moja. Mafuta yakidondoka na kuwaka, nyama isogezwe, kwa maana moshi wa mafuta yanayoungua huipaka kemikali zinazohusishwa na saratani, na kumwagia maji hurusha majivu kwenye chakula.

Musoma ina mambo mawili ambayo mchomaji hawezi kuyapuuza. La kwanza ni upepo wa mchana unaovuma kutoka Ziwa Viktoria kuelekea nchi kavu, unaochochea makaa upande mmoja na kuyamaliza kabla ya wakati, hivyo jiko hukingwa kwa ukuta; lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa huua bila harufu. La pili ni mwinuko. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100, kwa hiyo mwenye kipimajoto cha nyama anayekijaribu katika maji yanayochemka asikitupe akidhani kibovu. Kifaa hicho huchomekwa kutokea ubavuni hadi katikati ya mnofu, mbali na mfupa. Asiyekuwa nacho aikate steki moja karibu na mfupa, na akiona wekundu au maji ya rangi ya waridi airudishe kwenye moto wa pole. Ikishaiva, hupumzishwa dakika tano kabla ya kukatwa.

Yanayobaki sahanini nayo yana hatari yake, ingawa si kwa binadamu. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wa virusi ulioelezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu nchini Kenya mwaka 1921, haina dawa na huweza kuua karibu kila nguruwe wa kufugwa anayeupata. Ngiri huishi na virusi hivyo bila kuugua, na kupe laini wa kwenye mashimo yao huvieneza, jambo linaloihusu Bunda moja kwa moja kwa kuwa inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kutoka banda hadi banda, hata hivyo, njia mojawapo kuu ni makombo ya nyama wanayopewa nguruwe, na inaaminika kwamba ndivyo virusi vilivyoingia Georgia mwaka 2007 kutokana na mabaki ya chakula cha melini, kabla ya kufika China mwaka 2018. Mifupa, ngozi na vipande vibichi vilivyokatwa pembeni vifukiwe kwa kina au viteketezwe kwenye makaa yaliyosalia, na visitupwe jalalani wala kupelekwa kwenye banda la mfugaji yeyote, hata akiviomba mwenyewe.