Diski za breki: jinsi ya kufungua skrubu zilizoshika kutu

Usukani unaotetemeka dereva anapokanyaga breki, au sauti ya chuma kusuguana na chuma, ni ishara kwamba diski za breki zimelika. Baadhi ya wakazi wenye ujuzi wa ufundi hubadilisha diski hizo wenyewe nyumbani ili kupunguza gharama. Wengi wao hukwama mahali pamoja: skrubu ndogo, moja au mbili, zinazoshikilia diski kwenye habu.

Skrubu hizo hupatikana katika magari mengi, hasa ya Honda. Magari mengi ya Toyota hayana. Kazi yake ni kuzuia diski isicheze gurudumu likiwa limetolewa. Gari linapotembea, kinachobana diski ni nati za gurudumu. Hata hivyo, joto la breki, maji na vumbi huifanya skrubu ishikane na habu kwa kutu. Katika maeneo ya pwani, hewa ya chumvi huongeza tatizo hilo.

Kabla ya kuanza

Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi. Nati zilegezwe kidogo kabla ya gari kuinuliwa. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka lazima liegemezwe kwenye stendi imara. Mawe na matofali yanaweza kupasuka na kumwangukia aliye chini.

Baada ya gurudumu na kalipa kutolewa, kalipa ifungwe kwa waya ili isining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki. Mpira ukivutwa huweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana. Vumbi la breki ni hatari kwa mapafu, kwa hivyo lisipulizwe. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Hatua za kufungua skrubu

1. Safisha kichwa cha skrubu kwa burashi ya waya mpaka alama ya msalaba ionekane wazi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na usubiri angalau dakika 15. Ikiwezekana, yaache usiku kucha.

2. Tumia bisibisi nyota inayojaa vyema kwenye alama hiyo. Kwa skrubu nyingi za Honda, saizi inayofaa ni namba 3. Watu wengi hutumia namba 2, ambayo ni ndogo, na hapo ndipo kichwa huharibika. Zaidi ya hayo, msalaba wa skrubu za Kijapani hutofautiana kidogo na wa bisibisi za kawaida, kwa hivyo bisibisi huteleza upesi.

3. Weka bisibisi ya chuma kitupu hadi mwisho, kisha uigonge kwa nyundo mara kadhaa. Mshtuko huo huvunja kutu kwenye nyuzi za skrubu. Jaribu kuifungua huku ukiisukuma ndani kwa nguvu.

4. Isipofunguka, tumia bisibisi ya kugongwa, ile inayojizungusha kila inapopigwa nyundo. Hakikisha imewekwa upande wa kufungua, si wa kukaza. Kifaa hiki hufungua skrubu nyingi zilizoshindikana kwa mkono.

5. Kichwa kikiwa kimeharibika, weka tindo kwenye ukingo wake na ugonge kwa mshazari kuelekea upande wa kufungua.

6. Njia ya mwisho ni drili. Vaa miwani ya kinga. Anza na ncha ndogo katikati ya skrubu, kisha ongeza ukubwa. Kwa skrubu ya milimita 6, ncha ya milimita 8 hukata kichwa. Acha mara tu kichwa kinapotoka, ili habu isiharibiwe. Diski ikishatoka, kipande kilichobaki hushikwa kwa pulaya ya kujibana na kuzungushwa taratibu.

Moto usitumiwe. Mafuta ya kulegeza kutu yanaweza kuwaka, na joto huharibu sili na grisi ya beringi.

Skrubu zikiwa zimetoka na diski bado imeng'ang'ania, angalia kama ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za saizi ya matundu hayo, mara nyingi milimita 8, na uzikaze kwa zamu. Zitaisukuma diski nje. Kwa breki za nyuma, hakikisha kwanza kwamba breki ya mkono imeachiliwa.

Kufunga diski mpya

Diski hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, pamoja na pedi zake. Kutu kwenye uso wa habu isuguliwe yote, kwani ikibaki diski hukaa upande na mtetemo hurudi. Mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa diski mpya yaondolewe kwa kisafishio cha breki. Tumia skrubu mpya, ipakwe grisi kidogo kwenye nyuzi pekee, na ikazwe kwa mkono bila nguvu nyingi. Grisi isiguse uso wa diski wala pedi.

Nati za gurudumu zikazwe kwa mkingamo. Kabla gari halijasogea, pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Atakayesahau hatua hii atakanyaga breki na gari lisisimame. Gari lijaribiwe kwanza kwa mwendo wa polepole, mbali na watu.

Pedali ikibaki laini, gari likivuta upande mmoja, au mafuta ya breki yakivuja, gari lisiingie barabarani. Aitwe fundi aliyehitimu. Skrubu iliyovunjika ni hasara ndogo. Breki iliyofungwa vibaya huhatarisha dereva, abiria na mtoto anayevuka barabara.