Sura za Wazee na Kibuyu cha Mursik

Joy Adamson alizaliwa mwaka 1910 katika iliyokuwa himaya ya Austria-Hungary, akafika Kenya mwaka 1937. Miaka ya 1940 ilipokuwa ikielekea kuisha, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii za nchi hii, maana mavazi na mapambo ya kale yalikuwa yakitoweka. Alichora picha zaidi ya 500. Kitabu chake, The Peoples of Kenya, kilitoka mwaka 1967, akiwa amepata makao Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha.

Nazipenda picha hizo. Mchoraji hakuchoka kuhesabu shanga wala kufuata mkunjo wa ngozi, na katika Bonde la Ufa vitu hivyo vilikuwa na maana. Vazi lilimtambulisha mtu kabla hajataja jina: huyu bado hajatahiriwa, yule ameolewa, huyu ni mzee wa kusikilizwa barazani. Mzee wa Kikalenjin alijifunika sambut, joho la manyoya lililoshonwa kwa ngozi za wanyama kama pimbi. Atokaye jandoni alivikwa sinendet, mtambaazi wa porini, na hadi leo mwanariadha anayerudi na medali huvishwa huohuo shingoni.

Hata hivyo, katika picha hizo, nyuma ya wengi wa wazee mna weupe mtupu. Hamna boma, hamna ng'ombe, hamna mtoto anayetumwa maji. Mavazi yameokolewa, shughuli za siku zimeachwa nje.

Chukua mfano wa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kwa nje kinapendeza, kimepambwa kwa shanga na kufunikwa kwa kifuniko cha ngozi, na mchoraji yeyote angekitamani. Kazi yenyewe imo ndani. Mama huunguza vijiti vya mti wa senetwet, akayasaga makaa yake ndani ya kibuyu kwa sosiot, ufito wa mtende wenye ncha iliyopondwa kama brashi, mpaka kuta zote zishike weusi. Ndipo maziwa hutiwa, yakakaa siku kadhaa na kutoka na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Binti hujifunza kwa kushika sosiot mwenyewe huku akikaripiwa. Mursik huo ndio anaopewa mgeni, na ndio unaonywewa siku ya koito, wakwe wanapokubaliana mahari.

Ndiyo maana namweka mchoraji Sane Wadu kando ya Adamson. Alizaliwa mwaka 1954 Nyathuna, Kiambu, akawa mwalimu, kisha akaacha chaki na kushika brashi. Watu walipomwita mwendawazimu, alijipa jina Sane, yaani mwenye akili timamu. Makao yake ni Naivasha, eneo ambalo Adamson naye aliliita nyumbani. Watu wa Wadu wamo katika pilikapilika: wanalima, wanasafiri, wanasongamana na mifugo yao. Rangi zake ni nzito, na hakuna anayekaa tuli ili achorwe.

Ningependa kuona nakala za picha za wawili hawa zikitundikwa pamoja katika makumbusho ya Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na akina mama wa Rongai na Molo waalikwe siku za likizo ya shule waje na vibuyu, senetwet na sosiot zao, watoto wasage makaa kwa mikono yao.