Kidonge cha kufukuza usingizi kinaondoa uchovu wa MS? Soma hii kabla hujameza

Ukiamka umechoka pale Ifakara, ushauri utaupata bure. Jirani atakwambia kapime malaria. Mwingine atasema damu imepungua, kunywa rozela. Wa tatu atakuita mvivu tu, hasa kama ni msimu wa kuvuna mpunga na wenzako wote wako shambani.

Kwa mtu mwenye MS, yaani maltipo sklerosisi, uchovu ni habari nyingine kabisa. Kwenye ugonjwa huu kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochubuka: taarifa zinapita, ila kwa shida. Unaweza kulala saa nane, ukaamka, ukanywa chai, na bado kunyanyua ndoo moja ya maji ukajiona kama umelima ekari nzima.

MS si ugonjwa wa kawaida kwetu. Upo zaidi kwenye nchi zilizo mbali na ikweta, na duniani wanakadiriwa kuwa nao watu karibu milioni 2.9. Unawapata zaidi wanawake, na mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40. Wengi wao, kama watatu kati ya wanne, wanalalamikia uchovu.

Hapo ndipo linapotajwa jina la modafinili. Dawa hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wenye narkolepsi, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana. Haikusajiliwa kwa ajili ya uchovu wa MS, lakini madaktari wengi nje wakaanza kuwaandikia wagonjwa wao. Ukiitafuta mtandaoni utakuta watu wanaisifia kweli kweli.

Sasa sikia majibu ya utafiti. Mwaka 2021 jarida la Lancet Neurology lilichapisha jaribio la wagonjwa 141 wa MS huko Marekani. Kwa zamu walipewa modafinili, amantadini, methilfenideti na kidonge kisicho na dawa yoyote, bila kujua wanameza kipi. Kwenye uchovu, hakuna dawa iliyokishinda kile kidonge tupu. Ila madhara yalikuwa mengi zaidi kwa waliomeza dawa.

Kuna kitu kidogo cha kukizingatia. Watafiti walipowaangalia peke yao wale waliokuwa wanasinzia sana mchana, modafinili ilionekana kuwasaidia. Na Kiswahili chetu kinalieleza hili vizuri tu: kuchoka si kusinzia. Kidonge kinaweza kukuacha macho makavu hadi saa sita usiku, na miguu bado imegoma.

Utafiti mwingine wa mwaka 2024, wenye watu zaidi ya 300, ulilinganisha modafinili na mazungumzo ya ushauri nasaha kwa njia ya simu, ya kujifunza kupanga shughuli na kubadili mazoea. Wote walipata nafuu inayokaribiana. Kuchanganya vyote viwili hakukuongeza kitu.

Dada, kama unatumia kijiti, soma hapa

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Modafinili inaliamsha ini livunje homoni haraka, kwa hiyo vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti cha mkononi vinapungua nguvu. Hatari inaendelea hata mwezi mmoja au miwili baada ya kuacha dawa. Na ukipata mimba ukiwa unaimeza, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hivyo hakiguswi. Ongea na mtoa huduma wako kabla ya kidonge cha kwanza.

Madhara ya kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi usiku. Upele ukitokea, hasa ukiambatana na homa au vidonda mdomoni, acha dawa na uwahi hospitali. Mwenye shida ya moyo au presha isiyotulia amwambie daktari mapema. Ni dawa ya cheti, si ya kuazimana kama chaja ya simu.

Kwa anayeishi bonde la Kilombero, wale majirani wa mwanzo wala hawakukosea sana. Kuwa na MS hakukuzuii kuugua malaria au kupungukiwa damu. Pima hivyo kwanza, pamoja na tezi ya shingo, sonona na namna unavyolala usiku. Kama bado hujathibitishiwa MS, utahitaji picha ya MRI na daktari wa mishipa ya fahamu. Kwa wengi hiyo ni rufaa ya kwenda Muhimbili, kama kilomita 400 kutoka Ifakara.

Halafu kuna joto, na bonde letu linalo la kutosha. Mwili ukipanda joto, ile mishipa iliyochubuka inapitisha taarifa vibaya zaidi, dalili zinakaza, kisha zinalegea ukipoa. Kwa hiyo kazi nzito ifanyike alfajiri, saa sita mchana uwe kivulini, maji ya baridi yawe karibu. Khanga iliyoloweshwa shingoni inasaidia, na haihitaji cheti cha daktari.