Mvua ikinyesha Taru, baiskeli yangu hutua mizigo

Mabati yalianza kulia saa tisa usiku. Kwanza tone moja moja, kama mtu anarusha kokoto, halafu ikawa kelele moja tu. Ndugu yangu mdogo alijifunika shuka hadi kichwani. Mimi niliamka, nikapapasa ukutani hadi nikaipata spana, nikaanza kufungua matgadi za baiskeli gizani.

Ukiishi mahali penye mvua utaniona punguani. Lakini mimi ni wa Taru, huku Kinango, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Wanaopita na basi huona vichaka, mbuzi na vumbi, kisha wanalala mpaka Voi. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na Kwale ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa hivyo El Nino ya Novemba 2023 ilipofika, nilikuwa nimeingoja kwa sababu mbili. Moja kila mtu aliijua. Ya pili niliona haya kumwambia mama.

Baiskeli yangu ni ile nyeusi nzito tunayoiita Black Mamba, yenye keria pana nyuma. Kiangazi chote ilikuwa punda. Mitungi minne ya lita 20, miwili huku na miwili kule, imefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Maji peke yake ni kilo 80. Hapo huendeshi, msee, unasukuma. Asubuhi unakwenda kwenye bomba na kupiga foleni, mchana unapita nyumba kwa nyumba ukiuza. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka ndugu yangu shuleni, siikufuru. Ila mtu anayependa baiskeli akigeuka kuwa msukuma baiskeli, kuna kitu ndani yake kinakauka.

Mvua ikinyesha, biashara inakufa siku hiyo hiyo. Kila nyumba inatega maji ya mabati yake. Mama aliwahi kuniuliza, "Sasa wewe unachekelea nini, na mvua ndiyo inayokufilisi?"

Jibu lilikuwa kwenye mchanga.

Njia zetu nyingi za vijijini ni mchanga mwekundu. Wakati wa jua umelegea kama unga. Tairi la mbele linazama, usukani unakwenda unakotaka wenyewe, na hata bila mzigo utashuka tu. Lakini maji yakiingia kati ya chembe za mchanga, chembe hushikana. Jaribu ufukweni Diani: juu kwenye mchanga mkavu baiskeli haiendi hatua kumi, chini pale mawimbi yalipotoka sasa hivi unateleza kama uko kwenye lami. Baada ya mvua nzuri, Taru nzima inakuwa kama ule ukingo wa bahari. Kwa siku mbili hivi, kabla jua halijarudi kuchukua chake, njia zote zinapitika.

Wenzetu wa mbali wana siku kama hizo, ila zao ni za theluji. Mjini Oulu, huko Ufini kaskazini mwa Ulaya, watoto huenda shuleni kwa baiskeli hata barafu ikiwa imetanda. Kwenye njia za baiskeli, theluji haikwanguliwi yote hadi chini. Hushindiliwa mpaka ikawa ngumu, watu wakapanda juu yake. Nilipotazama video zao kwenye simu sikuona maajabu, niliona mchanga wetu, tofauti ni rangi na baridi.

Na theluji yenyewe si ngeni sana kwa nyika hii. Mmishonari Johannes Rebmann aliivuka kwa miguu akitokea Rabai, na tarehe 11 Mei 1848 akaona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Mwongozaji wake hakuwa na jina la kitu hicho ila baridi. Kule London mabingwa wa jiografia walimkatalia, eti theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Basi asubuhi ile nilitoka saa kumi na mbili, keria tupu, matgadi nimeziacha nyumbani. Hilo la matgadi si mbwembwe. Pale penye udongo wa mfinyanzi, matope hujaa kati ya matgadi na tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nilipunguza upepo kidogo kwenye tairi zote mbili zipate kukumbatia ardhi, nikaondoka. Wee! Sikuwa nimekanyaga pedali namna ile kwa miezi. Nilipita miamba yenye ngurunga, yale mashimo ya asili yanayoshika maji ya mvua. Ngurunga ndizo zilizoifanya Taru ijulikane na misafara ya zamani, na hata leo ukilitamka jina la Vigurungani unazisikia humo. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nyika hii isiyo na mito ya kudumu iliwatesa wajenzi, ikabidi maji yaletwe kwa treni. Asubuhi hiyo ngurunga zilikuwa zimejaa hadi midomoni. Niliinama nikanywa, bure, mimi muuza maji.

Simu ililia nikiwa hapo. Mama. "Uko wapi wewe? Nyanyako hana mbegu."

Huo haukuwa mchezo tena. Mbegu alizoweka nyanya zililiwa kwenye njaa ya mwaka uliotangulia, na udongo wetu hauna subira. Ukichelewa siku tatu au nne, jua limeshanyonya unyevu, na mahindi yatakayoota yatakuwa ya kuhesabu kwa vidole. Mama alikuwa amejaribu watu wawili wa bodaboda. Mmoja alisema njia haipitiki, wa pili alitaja nauli ambayo mama hakuirudia kwenye simu.

Nikarudi nyumbani. Mbegu za mahindi na pojo tulizimimina kwenye mtungi mkavu wa lita tano, tukafunga kifuniko, nikaufunga kwenye keria. Mama alitazama tairi, akanitazama mimi, akasema tu, "Usivuke maji."

Kati yetu na kwa nyanya kuna korongo. Mwaka mzima ni mchanga, mbuzi hulala humo. Nilipofika, lilikuwa linapita maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja. Upande wangu kulikuwa na mmoja aliyevua viatu tayari. "Twende bro, ni ya magotini tu." Nilivunja tawi nikalitupa katikati. Halikuelea kwenda upande, lilimezwa, likatokea mbali kule chini.

Nitasema ukweli, nilitaka kuvuka. Niliwaza Bernard Hinault, Mfaransa aliyeshinda mbio za Liège-Bastogne-Liège kule Ubelgiji Aprili 1980 kwenye theluji. Waendeshaji 174 walianza, wakamaliza 21. Yeye alimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika tisa, na vidole viwili vya mkono havikurudi kuwa sawa maisha yake yote. Tunaopenda baiskeli husimuliana kisa hicho kama cha nabii. Lakini pale ukingoni, na mtungi wa mbegu za nyanya mgongoni mwa baiskeli, niliwafikiria zaidi wale 153 walioshuka wakaingia kwenye magari yenye joto. Hakuna aliyewaandikia sifa. Sidhani walikosea.

Nikachomeka kijiti pale maji yalipogusa, nikakaa. Yule kijana mwingine alinicheka kidogo, halafu naye akakaa. Tulikula mkate wake. Maji ya makorongo yetu yana hasira ya mtoto. Mvua ikikatika juu, nayo hupungua. Saa tatu baadaye kijiti kilikuwa kimebaki nchi kavu, kama hatua nne kutoka kwa maji. Nikatupa tawi jingine, likakwama kwenye jiwe lililokuwa halionekani mwanzo. Hapo ndipo nikaibeba baiskeli begani, mwenzangu akashika mtungi, tukavuka maji chini ya magoti. Wale wa pikipiki walikuwa bado wanangoja, mzigo wao haubebeki begani.

Nyanya alikuwa shambani tayari, ameshachimba mistari miwili kwa jembe bila kuwa na cha kupanda ndani yake.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mwanangu. Na huyo punda wako leo hana mitungi?"

"Ana mmoja," nikasema.

Aliufungua, akaingiza mkono, akazungusha vidole ndani kuona kama mbegu zimelowa. Hazikuwa zimelowa. Tulipanda mpaka giza likaingia, na kesho yake mpaka saa sita. Mchana huo jua lilitoka kali. Nilirudi Taru jioni kwa njia ndefu ya kuzunguka, haikuwa na sababu yoyote, mchanga ulikuwa bado umeshikana.

Pojo ziliota karibu zote. Mahindi ya nyanya yalikuwa mazuri upande wa chini wa shamba na mabovu upande wa juu. Kufikia Februari ngurunga zilikuwa zimekauka, mchanga umelegea, na mitungi minne imerudi kwenye keria. Matgadi nazo nimezifunga tena. Spana iko pale pale ukutani.